KIDOLE KIMOJA, MAANA NGAPI?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

(Karatasi hii isomwe kabla ya khutba au baada ya sala. Imamu akiwa juu ya mimbari, ikunje uiweke mfukoni.)



Ijumaa hii tuzungumze juu ya kitu kidogo, nacho ni kidole. Kiswahili kimekipa kila kidole jina lake. Kuna gumba, kuna cha kati, cha pete na cha mwisho. Hiki kinachofuata gumba kinaitwa kidole cha shahada. Jina hilo halikutungwa na sisi wa Kampemba, wala halikuja na televisheni. Liko katika lugha tangu zamani, na jirani yako asiyekuwa Muislamu anapolitamka hajui kwamba anataja tahiyatu. Ndicho kidole unachokiinua ukiwa umekaa katika sala, wakati ulimi unashuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Mkono na ulimi vinasema neno moja.

Sasa tazama ajabu. Waarabu walikiita kidole hicho hicho sabbaba, maana yake chenye kutukana, kwa sababu mtu akigombana na mwenzake alimnyooshea hicho usoni. Uislamu ulipokuja kikapata jina la pili, musabbiha, chenye kumsabihi Mola. Majina yote mawili yamo katika vitabu vya lugha yao mpaka leo. Mfupa ni ule ule, ukucha ni ule ule, lakini jana kilitukana na leo kinasabihi. Basi tujiulize tangu hapa mwanzo: maana iko wapi? Iko ndani ya kidole, iko katika jicho la anayekitazama, au iko katika moyo wa mwenye kidole?

Swali hili si la kuchezea akili. Kuna watu wamekufa kwa sababu yake, na kuna watoto wanaolala nje usiku katika mji wetu huu wa Lubumbashi kwa sababu yake. Tutafika huko.

Kuanzia mwaka 2014 kundi linalojiita Dola ya Kiislamu, lililokuwa likichinja watu Iraki na Siria, lilikuwa likisambaza picha za wapiganaji wake wameinua kidole cha shahada. Dunia ikaziona picha hizo. Watu ambao maishani mwao hawajawahi kumwona Muislamu akisali wakajifunza ishara hiyo kwa mara ya kwanza kutoka kwa wauaji. Mwezi wa Machi mwaka 2024, Ramadhani ilipoingia, mchezaji Antonio Rüdiger, beki wa timu ya taifa ya Ujerumani aliyekuwa akichezea Real Madrid, alitoa picha yake amevaa kanzu nyeupe, yuko juu ya mswala, kidole juu. Julian Reichelt, aliyewahi kuwa mhariri mkuu wa gazeti kubwa la Bild, akaandika kwamba hiyo ni salamu ya magaidi. Rüdiger akaeleza kwamba ni ishara ya tauhidi, umoja wa Mungu, na akamshtaki. Shirikisho la mpira la Ujerumani likasimama upande wake.

Rüdiger ana jina na ana mawakili. Mtu wa kawaida anayefananishwa na muuaji kwa sababu ya kidole chake hana shirikisho la kumtetea.

Na hili lina uzito zaidi kwetu sisi Wakongo. Huko Beni, upande wa mashariki, raia wameuawa kwa miaka mingi na watu wa ADF, na mwaka 2019 kundi lile la Dola ya Kiislamu lilianza kudai kwamba mashambulizi hayo ni yake. Tangu hapo kuna ndugu zetu Wakongo ambao wakiona kanzu au kidole kimeinuliwa mioyo yao hushtuka. Tusiwakasirikie haraka. Mtu aliyezika watoto wake ana haki ya kushtuka. Lakini wajue pia habari ya Sheikh Ali Amini, imamu wa Beni aliyekuwa akiwapinga wauaji hao waziwazi. Tarehe 1 Mei 2021 alipigwa risasi akiwa katika sala, ndani ya msikiti mkuu wa Beni. Aliyeuawa alikuwa ni mtu wa kidole cha shahada. Kama kidole kingekuwa ni alama ya kundi, wangemwachia.

Kidole hicho hicho kina kazi nyingine pia. Katika nchi ya Kenya (nasema nchi, si komini yetu ya Kenya) kuinua kidole kimoja kulikuwa ni salamu ya chama cha KANU wakati wa Rais Moi, na waliotaka vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliinua viwili. Mtoto darasani akiinua kidole anaomba ruhusa ya kusema. Mchezaji akifunga bao anakielekeza juu kumshukuru Mungu wake, awe Muislamu au Mkristo. Refa akikiinua, kila mtu uwanjani anamsikiliza.

Mtaniambia: hayo ni mambo ya mbali. Basi tuje kwa Leopards. Tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali ya Kombe la Afrika mjini Abidjan, timu yetu dhidi ya Côte d'Ivoire. Wakati wa wimbo wa taifa wachezaji wetu waliziba midomo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili wakauelekeza kwenye kichwa, vidole viwili kama bunduki. Asiyejua angesema nini? Angesema hawa ni vijana wa vurugu, wanatishia kuua, au wana siri ya kundi fulani. Sisi tulioketi mbele ya televisheni tulijua mara moja. Walikuwa wakisema: watu wetu wa mashariki wanauawa na dunia imenyamaza. Tulifungwa bao moja kwa bila, na bado ishara ile ilitembea dunia nzima kuliko bao. Tulijuaje sisi? Tulijua kwa sababu tuliijua huzuni iliyokuwa nyuma yake. Mkono ule haukuwa na alama yoyote ya kuonyesha maana. Maana ilikuwa katika mambo ambayo mwenye kutazama anayajua au hayajui.

Shikeni neno hilo, maana ndilo msingi wa haya yote. Ishara ya mwili ni nusu ya sentensi. Nusu nyingine iko kwa mwenyewe. Ukiikosa ile nusu ya pili, akili haikubali kukaa na nusu. Inajaza yenyewe, na mara nyingi hujaza kwa kile ambacho moyo unakiogopa.

Ndivyo ilivyotokea Kinshasa mwezi wa Aprili mwaka 2008. Uvumi ulienea kwamba kuna watu ambao wakikugusa tu, kiungo cha siri cha mwanamume kinapungua au kinapotea. Katika vipindi vya redio watu wakaonywa wajihadhari na abiria wenye pete za dhahabu ndani ya taksi. Fikirini wenyewe taksi ya Kinshasa, au hata taksi-basi ya hapa inayotoka Bel-Air kwenda mjini: watu wamebanana bega kwa bega, nani asiyemgusa mwenziwe? Polisi waliwakamata watu 13 walioshukiwa kuwa wachawi, na pamoja nao walalamikaji 14, baada ya makundi ya watu kujaribu kuwaua washukiwa barabarani. Walitaka kuzuia yale yaliyotokea Ghana mwaka 1997, ambako uvumi kama huo uliua watu kwa kipigo. Kosa la mshukiwa lilikuwa nini? Amempa mtu mkono. Ana pete.

Na msidhani ni ujinga wa Waafrika peke yetu. Mwezi wa Januari mwaka 2013, huko North Carolina nchini Marekani, mtu kiziwi alikuwa akizungumza na mwenzake kwa lugha ya mikono, kama viziwi wote wanavyozungumza. Mtu mwingine akadhani ni ishara za genge la wahuni. Akamchoma kisu mara nyingi. Miaka minane kabla ya hapo, Rais Bush na familia yake walipoinua kidole cha kwanza na cha mwisho siku ya kuapishwa kwake Januari 2005, watu wa Norwe walioona picha hizo walishtuka wakisema rais anamsalimia shetani. Kumbe kwa watu wa Texas ile ni pembe za ng'ombe, salamu ya timu ya chuo kikuu chao. Ukiifanya Italia mbele ya mwanamume mwenye mke, jiandae kupigana, maana pale unamwambia kuwa mkewe anamhini.

Hapa lazima tuseme neno kidogo juu ya hizi picha zinazotembea katika simu zetu, za wanamuziki na wakubwa wa serikali, mkono umezungushiwa duara jekundu, na chini yake sauti inasema: huyu ni wa Iluminati. Kundi hilo lilikuwapo kweli. Lilianzishwa na Adam Weishaupt, mwalimu wa sheria mjini Ingolstadt katika jimbo la Bavaria, tarehe 1 Mei 1776, na mtawala wa Bavaria akalipiga marufuku mwaka 1784 na 1785. Halikumaliza hata miaka kumi. Lile jicho ndani ya pembetatu unaloliona kwenye noti ya dola moja ni muhuri wa taifa la Marekani wa mwaka 1782, na jicho hilo kwa wachoraji wa Kikristo wa Ulaya lilikuwa ni jicho la Mungu anayeona yote. Mtu akikuambia habari za siri, kwanza muulize kama anazijua hizi ambazo si siri.

Lakini hayo ya wanamuziki ni mchezo wa watu wenye muda. Turudi kule tulikosema tutafika.

Hapa mjini kwetu kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani kwa sababu wameitwa walozi. Sote tunawajua. Tunawakuta sokoni, tunawakuta kwenye vituo vya magari, wengine wamepokelewa na mapadri wa Salésiens kule Bakanja, na hiyo ni kazi njema na tuisifu ijapokuwa si yetu. Ukiuliza alishikwa vipi, umlozi wake ulionekana wapi, hutaambiwa kwamba alionekana akifanya jambo fulani. Utaambiwa habari ya mwili wake. Anakodoa macho. Analala macho nusu wazi. Anaongea usingizini, anatembea usiku, anakojoa kitandani. Anatetemeka na kuanguka. Anapenda kukaa peke yake. Hamtazami mtu usoni.

Tuanzie hapo kwenye kutotazama. Ni nani aliyemfundisha mtoto wa kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa? Sisi. Mtoto wa Kiluba au wa Kibemba hupiga magoti, hupiga makofi taratibu, macho chini, na tunasema huyu kalelewa. Kisha siku ya mashaka inapoingia nyumbani, biashara imeanguka au mtu ameumwa, macho yale yale yaliyoinama kwa adabu yanageuka kuwa macho yanayoficha. Je, akitazama? Akimtazama baba mdogo wake moja kwa moja, wanasema: mnaona jinsi anavyotukazia macho!

Ndugu yangu, lifikirie hili polepole. Kama kutazama ni dalili na kutotazama ni dalili, basi mtoto huyu hana namna yoyote ya kuweka uso wake ambayo ingemsafisha. Hukumu ilikuwapo kabla ya dalili. Dalili zimetafutwa baadaye, kama mtu anayetafuta kuni za moto ambao ameshauwasha. Msomaji wa kweli wa ishara anaweza kukuambia ni ishara gani ingemfanya aseme: hapana, nilidhani vibaya. Asiyeweza kukuambia hilo hasomi kitu.

Wenye elimu ya nafsi wamelichunguza jambo hili la macho. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanyika katika nchi 58: watu waliulizwa utamjuaje mwongo, na jibu lililoongoza lilikuwa kwamba mwongo hakutazami machoni. Mwaka huo huo wanavyuoni wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, walikusanya majaribio mengi ya watu zaidi ya 20,000 waliopewa kazi ya kutambua nani anasema kweli na nani anadanganya kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Walipata wastani wa 54 katika 100. Ukirusha sarafu juu bila kumtazama mtu yeyote unapata 50. Kwa hiyo dunia nzima inaamini kwamba inajua kusoma macho, na dunia nzima inakisia. Hata wakimbizi wetu wanaohojiwa Ulaya na Amerika wameonja hilo: mwanamke wa Kongo anajibu macho chini, kwa adabu na kwa maumivu ya aliyoyapitia, na mhojaji anaandika kwamba anaficha jambo.

Na yule anayetetemeka na kuanguka? Huo ni kifafa, ugonjwa wa ubongo, una dawa, na dawa zake za zamani si za bei kubwa. Daktari Louise Jilek-Aall alifanya kazi Mahenge, Tanzania, miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wa kifafa wametengwa, watu wakiogopa hata mate yao. Alikuta pia watoto wanaotikisa kichwa mara kwa mara kama wanaoitikia mtu asiyeonekana. Ugonjwa kama huo umeonekana baadaye kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini. Mtu anaweza kukaa mbele ya mtoto huyo akaona anazungumza na majini. Mtoto hazungumzi na yeyote. Anaumwa.

UNICEF ilitoa uchunguzi wake juu ya watoto wanaosingiziwa uchawi Afrika mwaka 2010. Ndani yake utawaona ni akina nani: yatima waliochukuliwa na jamaa, wenye ulemavu, wenye maradhi kama kifafa, wakaidi, wakimya kupita kiasi. Kwa neno jingine, ni watoto ambao miili yao haikai kama tulivyozoea na ambao hawana mama wa kusema, mwanangu hulala hivyo tangu alipozaliwa. Mama ndiye aliyekuwa na ile nusu ya pili ya sentensi. Mama amekufa, sentensi imejazwa na wengine.

Baadhi yetu hupenda kusema: hayo ni ya makanisa ya uamsho na mapasta wao. Ni kweli kwamba wapo mapasta wanaofanya biashara hiyo. Lakini wapo pia kwetu watu wanaosoma kombe na kufungua vitabu, wakilipwa, wakamtazama mtoto usoni na kutaja jina. Tusiwafiche nyuma ya kilemba.

Sasa utaniuliza: je, basi ishara hazina maana? Mtu akininyooshea panga nimuulize kwanza nia yake? Hapana. Ishara mbaya zipo, na Mwenyezi Mungu amewataja katika Qur'ani wale waliokuwa wakiwakonyezea macho waumini wanapopita (sura ya 83), na amesema kwamba Yeye anaijua hiana ya macho (sura ya 40). Mtume (S.A.W.) mwenyewe, siku ya kufunguliwa Makka, aliletewa mtu ambaye hakutaka kumpa ahadi. Akanyamaza kwa muda, kisha akampokea. Masahaba wakasema: kwa nini hukutupa ishara kwa jicho tungemmaliza? Akawajibu kwamba nabii hawi na macho ya hiana. Tazama ukubwa wa jambo hilo: kukonyeza tu, mtu angekufa, na hakukonyeza.

Na Uislamu unaikubali ishara kama usemi. Zakaria (A.S.) alikaa siku tatu akisema na watu kwa ishara. Bibi Maryamu aliposhambuliwa kwa maneno alimwashiria mtoto tu. Wanavyuoni wa fiqhi wameweka kanuni kwamba ishara ya bubu inayojulikana ni sawa na kusema kwa ulimi, na kanuni hiyo iliingia katika Majalla, sheria ya dola ya Uthmaniya, kifungu cha 70. Ona sharti lake: inayojulikana. Inayokisiwa haimo. Na wanavyuoni wa Kihanafi wakaenda mbali zaidi: katika makosa ya adhabu kubwa za hudud hawakukubali bubu ahukumiwe kwa ishara yake mwenyewe, hata akiashiria kukiri, kwa sababu ishara haikosi shaka, na shaka huzuia adhabu.

Kuna hadithi moja nataka uikae nayo, aliyoipokea Anas na iliyomo katika Bukhari na Muslim. Msichana mmoja alipondwa kichwa kati ya mawe mawili. Alikutwa na roho bado, hawezi kusema. Akaulizwa: ni fulani? Fulani? Lilipotajwa jina la muuaji, akaitikia kwa kichwa. Haiwezekani kuwa na ishara iliyo wazi zaidi ya hiyo, ya anayekufa juu ya aliyemuua. Na bado mtu yule hakuadhibiwa kwa kichwa kile kilichoitikia. Aliletwa, akaulizwa, akakiri, ndipo akahukumiwa. Ishara ilifungua mlango wa kuuliza. Haikufunga kesi.

Linganisha na mtoto wa kwetu anayehukumiwa kwa namna anavyolala.

Upo pia upande wa mwenye kutazamwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa katika itikafu, akatoka usiku kumsindikiza mkewe Safiyya. Wakapita Maansari wawili, wakaharakisha mwendo. Akawaita akawaambia kwamba huyo ni Safiyya, mkewe. Wakashangaa, nani angemdhania vibaya? Akawaambia kwamba shetani hupita ndani ya mwanadamu mapitio ya damu. Yeye, msafi kuliko wote, hakusema: shauri yenu, dhana ni dhambi yenu. Alieleza. Kwa hiyo kijana wa Bongonga, jirani akikuuliza kwa nini mnainua kidole, usinune. Mwambie. Na kama yupo kati yenu anayejipiga picha kidole juu na mkono wa pili ameshika kisu au mfano wa bunduki, ili aonekane jasiri mbele ya wenziwe, aifute leo kabla ya Alasiri. Anawaongezea wauaji wa Beni nguvu wasiyostahili, na anamfanya mzee anayesali atazamwe kwa hofu.

Kwa upande wa watoto, kuna sheria ya nchi, na wengi hawaijui. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, imekataza kumsingizia mtoto uchawi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, katika kifungu cha 160, imeweka adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu na faini ya faranga 200,000 hadi 1,000,000 kwa anayemsingizia. Inamhusu baba mdogo, inamhusu pasta, inamhusu sheikh wa kombe. Mtoto akiletwa kwako, au akitajwa katika kikao cha ukoo ambacho wewe umekaa, una la kusema: uliza kwanza kitendo alichofanya ni kipi, nani alikiona, mchana au usiku. Wakikurudishia habari ya macho na usingizi, waambie mtoto apelekwe hospitali akapimwe kifafa, na usiku huo alale kwako kama nyumbani kwao hakulaliki.

Wengi wa watoto hao, tulisema, ni yatima. Mtume (S.A.W.) alipoeleza jinsi yeye na mlezi wa yatima watakavyokuwa karibu Peponi, hakutosheka na maneno. Aliinua vidole viwili, cha shahada na cha kati, akaviachanisha kidogo. Imo katika Bukhari. Piga picha ya mkono huo leo, uuzungushie duara jekundu, uutume katika simu za Lubumbashi bila maelezo, uone utaambiwa ni wa kundi gani.

Wabillahi tawfiq.